Tojo Hideki: Waziri Mkuu wa Kofia Nne Aliyeng'olewa na Waziri Mmoja

Mwishoni mwa Februari 1944, Tojo Hideki alikuwa amevaa kofia nne kwa mpigo: Waziri Mkuu wa Japani, Waziri wa Jeshi la Nchi Kavu, Waziri wa Zana za Vita, na Mnadhimu Mkuu wa jeshi hilo hilo la nchi kavu. Wachora katuni wa Marekani na Uingereza walikuwa wakimweka safu moja na Hitler na Mussolini. Miezi mitano baadaye hakubaki na kofia hata moja. Hakupinduliwa kwa mtutu wa bunduki wala hakushindwa uchaguzi. Waziri mmoja aliombwa ajiuzulu, akakataa, na serikali nzima ikaanguka.

Ukimwita Tojo dikteta, anguko hilo halieleweki. Inabidi kwanza ujue kiti alichokalia kilichongwaje. (Kwa desturi ya Kijapani jina la ukoo hutangulia: Tojo ni ukoo, Hideki ndilo jina lake.)

Katiba isiyomtaja waziri mkuu

Katiba iliyotawala Japani wakati wa vita ilitangazwa mwaka 1889, enzi za Mfalme Meiji. Ukiisoma kutoka mwanzo hadi mwisho hukuti neno "waziri mkuu" wala "baraza la mawaziri". Kifungu cha 55 kinasema kila waziri humshauri Mfalme na kuwajibika kwake. Kila waziri, peke yake. Kwa hiyo waziri mkuu alikuwa mwenyekiti wa kikao tu: hakuwa na uwezo wa kumfukuza waziri mwenzake. Angeweza kumwomba aondoke. Waziri akigoma, baraza lilihesabika limekosa umoja, na wote walilazimika kurudisha nyadhifa zao kwa Mfalme.

Kifungu cha 11 kilikuwa kizito zaidi. Kilimpa Mfalme amri kuu ya majeshi, na wanajeshi wakakitafsiri kwamba mambo ya mapigano hayawahusu mawaziri kabisa. Mnadhimu Mkuu wa nchi kavu na mwenzake wa majini walipeleka mipango yao moja kwa moja ikulu, wakampita waziri mkuu kana kwamba hayupo. Juu ya hayo, tangu 1936 waziri wa nchi kavu na wa majini walitakiwa wawe majenerali au maadmeri walio kazini. Jeshi likichukia serikali lilimwondoa waziri wake na kukataa kutoa mwingine. Ndivyo lilivyoiangusha serikali ya Admeri Yonai Mitsumasa Julai 1940, na katika serikali iliyofuata, ya Konoe Fumimaro, Tojo akaingia kuwa Waziri wa Jeshi la Nchi Kavu. Aliingia barazani kwa mlango ule ule aliokuja kutokea miaka minne baadaye.

Karani mwenye magwanda

Alizaliwa Tokyo Desemba 1884. Baba yake, Hidenori, alikuwa ofisa wa jeshi mwenye asili ya kaskazini, wakati ambapo vyeo vya juu vilikuwa mikononi mwa watu wa Choshu, jimbo la magharibi lililoshiriki kuupindua utawala wa kale wa mashogun. Hidenori alistaafu na cheo cha luteni jenerali lakini na kinyongo tele, na mwanawe akakirithi. Hideki alimaliza chuo cha maofisa mwaka 1905 na chuo cha unadhimu mwaka 1915. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alipelekwa Uswisi na Ujerumani.

Huko Ulaya ndiko alikoshikamana na kundi la maofisa wa rika lake lililoongozwa na Nagata Tetsuzan. Walikuwa na malengo mawili: kuvunja ukiritimba wa Choshu, na kuiandaa nchi nzima kwa vita ijayo. Somo walilolipata kwa Wajerumani ni kwamba jeshi hodari hushindwa kama viwanda, chakula na reli haviko nyuma yake. Agosti 1935 Nagata alikatwa kwa upanga na ofisa wa kundi hasimu, ndani ya ofisi yake wizarani. Tojo aliomboleza, kisha akaendelea na kazi.

Kipaji chake kilikuwa makaratasi. Wenzake walimwita Kamisori, yaani Wembe, kwa wepesi wa kuamua na ukali kwa walio chini yake. Aliandika kila kitu kwenye vikaratasi, akavipanga kwa tarehe na kwa mada, na mtu aliyemletea hesabu tofauti na ya juzi alijuta. Mwezi mmoja baada ya kifo cha Nagata alipewa polisi wa kijeshi, Kempeitai, wa Jeshi la Kwantung, jeshi la Japani lililokaa Manchuria, kaskazini mashariki mwa China. Maofisa vijana walipoasi Tokyo tarehe 26 Februari 1936, Tojo aliwakamata washukiwa waliokuwa Manchuria bila kusubiri kuambiwa mara mbili. Ikulu ilikumbuka hilo. Mwaka 1937, akiwa mnadhimu mkuu wa Kwantung, aliongoza vikosi kuingia Chahar, Mongolia ya Ndani. Huo ndio karibu uzoefu wake wote wa kuongoza mapigano uwanjani.

Baraza ya Kiyomizu

Julai 1941 Japani iliingiza majeshi kusini mwa Indochina. Marekani ikajibu kwa kuzuia mali za Japani na kukata mafuta. Karibu asilimia 80 ya mafuta ya Japani yalitoka Marekani, na akiba ya jeshi ilihesabiwa kutosha takriban miaka miwili, pungufu kama kungekuwa na vita. Oktoba mwaka huo Admeri Nagano Osami, Mnadhimu Mkuu wa majini, aliwaambia wenzake kikaoni kuwa jeshi la majini linachoma tani 400 za mafuta kila saa. Kila siku ya mazungumzo ilikuwa siku ya kuukausha mtungi.

Wamarekani walitaka majeshi yatoke China. Konoe alikuwa tayari kutafuta njia ya kati; Tojo alikataa katakata. Hoja yake: damu iliyomwagika China tangu 1937 itakuwa ya bure, na baada ya China, Manchuria na Korea nazo zitakwenda. Konoe aliandika baadaye kwamba Tojo alimwambia kuna wakati mtu hana budi kufumba macho na kuruka kutoka baraza ya Kiyomizu. Hiyo ni baraza ya mbao ya hekalu huko Kyoto, iliyo juu ya korongo karibu mita 13. Wajapani husema hivyo kwa mtu anayeamua jambo bila kuangalia nyuma. Ni msemo mzuri kwa mchumba anayesita. Kwa nchi isiyo na mafuta, hapana.

Konoe alijiuzulu tarehe 16 Oktoba. Kilichofuata huwashangaza wengi: ikulu ilimchagua Tojo kwa matumaini ya kuepusha vita. Kido Koichi, mshauri wa karibu wa Mfalme Hirohito, alipiga hesabu kuwa ni mtu mmoja tu anayeweza kulirudisha jeshi nyuma bila maasi, naye ni yule yule anayelisemea. Tena Tojo alimtii Mfalme kupita kiasi. Akiambiwa aanze upya, ataanza upya. Mfalme akakubali akitaja methali kwamba asiyeingia pango la chui milia hapati mtoto wake.

Tojo aliambiwa aufute uamuzi uliokwishafikiwa wa kupigana na kuyatazama mambo kwa ukurasa mweupe. Alitii, kwa namna ya karani: aliitisha vikao mfululizo kuanzia 23 Oktoba, akaorodhesha maswali, akadai tarakimu za chuma, meli na mafuta. Kikao cha mwisho kilianza asubuhi ya tarehe 1 Novemba na kumalizika usiku wa manane, baada ya saa kama 17. Njia tatu zilikuwa mezani: kutopigana, kupigana mara moja, au kuzungumza huku wakijiandaa, mwisho usiku wa 30 Novemba. Wakachukua ya tatu. Kwa vile sharti la China halikulegezwa kiasi cha kuwaridhisha Wamarekani, ya tatu ilikuwa ya pili iliyoahirishwa. Alfajiri ya 8 Desemba kwa saa za Tokyo, wanajeshi walitua Kota Bharu huko Malaya, na muda mfupi baadaye mabomu yakaanguka Pearl Harbor.

Wimbi hadi Kilindini

Ndani ya miezi michache Japani ilitwaa Hong Kong, Malaya, Singapore, visima vya mafuta vya Indonesia ya leo, Burma na Ufilipino. Aprili 1942 meli zake za kubeba ndege zilipiga Colombo na Trincomalee. Waingereza waliiondoa sehemu kubwa ya manowari zao Ceylon (Sri Lanka ya leo) na kuzileta Kilindini, Mombasa. Zikaja pamoja na wavunja siri wa mawasiliano, waliowekwa katika jengo la shule ya Allidina Visram, ambako walifungua fumbo lililotumiwa na meli za mizigo za Japani. Mei mwaka huo nyambizi ndogo za Kijapani zilijipenyeza bandari ya Diego Suarez, Madagaska, zikaijeruhi manowari Ramillies. Na tarehe 12 Februari 1944 nyambizi I-27 iliizamisha meli ya Khedive Ismail iliyokuwa imetoka Mombasa kuelekea Colombo. Walikufa karibu watu 1,300, wakiwamo mamia ya askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki.

Vita ya Tojo iliwagusa watu wa pwani hii zaidi ya vile vitabu vya shule vinavyokumbuka.

Kofia juu ya kofia

Raha ya ushindi ilificha kasoro ya mfumo. Waziri Mkuu hakuwa na amri juu ya manowari hata moja. Jeshi la majini lilificha ukubwa wa hasara yake pale Midway, kisiwa cha Pasifiki, Juni 1942, lilikopoteza meli nne kubwa za kubeba ndege. Majeshi mawili yaligombea chuma, alumini na mafuta kama wake wenza wanaogombea jiko, kila moja na viwanda vyake na ndege zake. Jeshi la nchi kavu lilifikia kuunda nyambizi zake lenyewe za kupeleka chakula visiwani, kwa kuwa halikuwa na imani kuwa wenzao wa majini watalipelekea.

Tojo hakuwa na sheria ya kuwalazimisha, hivyo alitafuta njia ya pekee iliyobaki: kukalia kiti chenyewe. Wizara ya Mambo ya Ndani aliishika miezi ya mwanzo ili polisi wawe chini yake. Elimu na Mambo ya Nje alizishika kwa muda. Novemba 1943 akaunda Wizara ya Zana za Vita na kuiongoza mwenyewe, msaidizi wake akiwa Kishi Nobusuke, aliyebaki pia na kiti cha uwaziri barazani. Mkumbuke huyo Kishi.

Februari 1944 ndege za Marekani ziliivunja Truk, ngome ya majini ya Japani katika Pasifiki, zikizamisha meli za mizigo ambazo pengo lake Japani haikuwa na uwezo wa kuliziba. Siku chache baadaye Tojo alimwondoa Sugiyama Hajime na kujifanya Mnadhimu Mkuu, huku Waziri wa Majini, Shimada Shigetaro, akifanya vivyo hivyo upande wake. Maofisa walinung'unika kuwa kuchanganya uwaziri na unadhimu ni kuvunja kifungu cha 11. Kisheria walikuwa na hoja. Kivitendo, ilikuwa ni kazi ya watu wanne kwa mtu mmoja mwenye vikaratasi. Inasimuliwa kwamba mpango wa kuivamia Imphal, kutoka Burma kuingia India, aliupitisha Januari 1944 akiwa bafuni: ofisa amesimama nje ya kioo, Tojo akimuuliza toka ndani ya maji kuhusu chakula na ndege. Maswali yalikuwa sahihi. Majibu aliyopewa hayakuwa. Wanajeshi walivuka milima na chakula cha majuma kama matatu, wakakwama, na wengi zaidi waliuawa na njaa na magonjwa kuliko risasi. Waliowafukuza mabaki yao kwenye tope la bonde la Kabaw baadaye mwaka huo ni askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vijana wa KAR (King's African Rifles) kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland.

Nyumbani, Kempeitai walikuwa wakali. Mbunge Nakano Seigo, aliyemkosoa Tojo hadharani, alikamatwa Oktoba 1943 na kujiua mara baada ya kuachiwa. Mwandishi wa gazeti la Mainichi aliyeandika kwamba vita hii haipiganwi kwa mikuki ya mianzi bali kwa ndege aliletewa karatasi ya kuitwa jeshini, akiwa na miaka 37. Hata hivyo kuna watu ambao hofu haikuwafikia: mawaziri wakuu wastaafu, waliokuwa na haki ya kushauri nani aongoze serikali. Okada Keisuke na Konoe walianza kuonana kimyakimya.

Saipan, na siku tano za Julai

Septemba 1943 Tokyo ilikuwa imechora mstari: ndani yake adui asiingie kabisa. Saipan, kisiwa cha Pasifiki, ilikuwa ndani ya mstari, na Tojo alijigamba kuwa haitekeki. Wamarekani walitua tarehe 15 Juni 1944. Siku nne baadaye meli za Japani zilikuja kuokoa kisiwa, zikapoteza meli tatu za kubeba ndege na mamia ya ndege. Tarehe 9 Julai kisiwa kilihesabiwa kimeanguka. Kutoka hapo hadi Tokyo ni kama kilomita 2,400, umbali ambao ndege ya B-29 huenda na kurudi ikiwa na mabomu.

Tarehe 13 Julai Tojo alimwendea Kido, mtu aliyempandisha. Alipewa masharti matatu: avue kofia ya unadhimu, amwondoe Shimada, awaingize wazee wastaafu barazani. Akayameza yote. Lakini kuwaingiza wapya kulihitaji viti vitupu, na mmoja aliyeombwa kupisha ni Kishi. Kishi, aliyekwisha kuelewana na kambi ya Okada, akakataa kujiuzulu. Mkuu wa Kempeitai wa Tokyo alimtembelea kumtisha, hakutikisika. Yonai naye, aliyeangushwa na jeshi mwaka 1940, alikataa kuingia.

Hapo Tojo alifikia mwisho wa kamba. Angekuwa Hitler, Kishi angelala korokoroni usiku huo. Lakini Waziri Mkuu wa Japani hakuwa na karatasi ya kumfukuzia waziri, na mwenye nayo, yaani Mfalme, hakunyoosha mkono kumsaidia. Tarehe 18 Julai baraza zima likajiuzulu.

Risasi iliyokosa

Mwaka 1941, akiwa waziri, Tojo alisambaza kwa askari kijitabu cha maadili ya vitani, Senjinkun. Sentensi yake maarufu iliwataka wasiishi wakapata aibu ya kutekwa. Maelfu walijilipua au kujirusha majabalini kwa ajili ya fundisho hilo. Tarehe 11 Septemba 1945, Wamarekani walipofika nyumbani kwake Setagaya kumkamata, alijipiga bastola kifuani. Inaelezwa kuwa daktari jirani alikuwa amemchorea alama mahali moyo ulipo. Risasi ilipita kando ya moyo. Alitibiwa na madaktari wa Kimarekani, akaongezwa damu ya Kimarekani, akapona.

Wajapani wengi waliona hilo kama kichekesho kichungu. Waziri wa Jeshi Anami Korechika alikuwa amejikata tumbo siku ya kusalimu amri; Sugiyama alijiua siku moja tu baada ya Tojo kushindwa. Gerezani daktari wa meno wa Kimarekani alimtengenezea meno ya bandia na kuchonga juu yake, kwa nukta na vistari vya alama za Morse, maneno ya kuikumbuka Pearl Harbor. Siri ilipovuja, ikabidi ayachukue tena na kuyasaga alama zifutike.

Kesi ya makosa ya vita ilifunguliwa tarehe 3 Mei 1946 Ichigaya, kwenye jengo lililokuwa wizara yake: washtakiwa 28, majaji 11, mwenyekiti William Webb wa Australia. Siku hiyo hiyo mshtakiwa Okawa Shumei alimzaba Tojo kofi kichwani kutoka nyuma, akapelekwa kupimwa akili. Wakati mzito ulikuja tarehe 31 Desemba 1947. Akimjibu wakili wa Kido, Tojo alisema hakuna Mjapani ambaye angekwenda kinyume na matakwa ya Mfalme. Lilikuwa jibu la mtiifu, na lilikuwa bomu: kama ni hivyo, vita vilikuwa matakwa ya Mfalme, ambaye Wamarekani walikuwa wameamua wasimshtaki. Ujumbe ulimfikia kupitia watu wa kati, na tarehe 6 Januari 1948 mwendesha mashtaka Joseph Keenan alimuuliza tena. Safari hii Tojo alisema Mfalme alikubali kwa shingo upande, kwa ushauri wake yeye na wakuu wa jeshi. Shingo aliyoikomboa hapo haikuwa yake.

Kilichommaliza si Pearl Harbor peke yake. Mahakama ilimtia hatiani kwa vita vya uchokozi na pia kwa mateso ya mateka. Aliagiza kwamba mateka asiyefanya kazi asile. Alikubali mateka zaidi ya 60,000 watumike kujenga reli ya kilomita 415 kati ya Siam (Thailand ya leo) na Burma. Zaidi ya 12,000 walikufa, mbali na makumi ya maelfu ya vibarua wa Kiasia. Alipopata habari za vifo hivyo alituma ofisa kuchunguza, na hatua pekee iliyotokea ni kushtakiwa kwa kamanda mmoja wa kombania. Kwa mtu aliyejua hesabu ya kila tani ya mchele, kisingizio cha kutokujua hakikuwa na mahali pa kusimama.

Alinyongwa gereza la Sugamo dakika za mwanzo za tarehe 23 Desemba 1948 pamoja na wenzake sita. Maiti zilichomwa Yokohama, na majivu yakamwagwa kutoka kwenye ndege juu ya Bahari ya Pasifiki ili pasiwe na kaburi la kuhiji. Hati ya Kimarekani inayothibitisha hilo ilifahamika hadharani mwaka 2021. Hata hivyo mwaka 1978 jina lake liliingizwa kimya katika hekalu la Yasukuni, linaloenzi Wajapani waliokufa vitani, na Mfalme Hirohito, aliyekwenda huko mara ya mwisho 1975, hakukanyaga tena.

Sugamo humo humo alikuwamo mahabusu mwingine, Kishi Nobusuke, aliyekuwa barazani siku vita vilipotangazwa. Hakufikishwa mahakamani. Aliachiwa tarehe 24 Desemba 1948, siku moja baada ya bosi wake wa zamani kunyongwa, na mwaka 1957 akawa Waziri Mkuu chini ya katiba mpya, ambayo kifungu chake cha 68 kinampa waziri mkuu ruhusa ya kumfukuza waziri yeyote apendavyo.